Barua kwa mwanangu: dishi kwenye nyumba ya kupanga

Mwanangu Rehema,

Ujumbe wako niliusoma jana baada ya isha, nikamsomea na mama yako. Anakusalimu, na anauliza kama maji yanatoka. Umesema umeshahamia Sinza, ghorofa ya tatu, kodi ya miezi sita umelipa, na sasa unataka ushauri: ufunge dishi la Azam au uachane nalo, maana dalali alikuambia halina shida na mwenye nyumba hajalizungumzia. Nakujibu kama baba yako, ila usisahau kwamba na mimi nina vyumba vya kupangisha hapa Kihonda. Nikielemea upande wa mwenye nyumba, nivumilie.

Ya dalali tuyaache. Kazi yake iliisha siku alipochukua kodi yake ya mwezi mmoja, na paa si lake. Mwenye nyumba aliyenyamaza naye hajaruhusu. Hajaulizwa tu.

Pengine unajiuliza kwa nini sisi wenye nyumba tunakuwa wakali kwa dishi kuliko kwa friji au jiko la gesi. Kuna mpangaji wangu mmoja wa chumba cha mwisho alileta fundi siku ambayo mimi nilikuwa shamba. Fundi akapanda juu ya bati, akapigilia kile chuma cha kushikia dishi kwa misumari ya kawaida, akashuka, akalipwa, picha ikatoka safi. Kiangazi chote hakuna aliyejua kitu. Masika yalipoanza, maji yakafuata matundu ya misumari, yakatembea juu ya mbao, silingi ikavimba na kuangukia kitanda cha mpangaji wa chumba cha pili, ambaye hata TV hana. Mwenye dishi alikuwa ameshahama. King'amuzi aliondoka nacho, dishi akaliacha. Nililishusha mwenyewe, na siku hizi mama yako analianikia dagaa.

Kwa hiyo mwenye nyumba wako akikunja uso ukimtajia dishi, jua kwamba hana shida na TV yako. Anawaza bati, au kama juu ni zege, anawaza drili na maji yatakayoingia kwenye tundu. Mimi mwenyewe humwambia mpangaji: dishi weka, ila fundi aje nikiwepo.

Sasa kuna jambo ambalo fundi mwenye njaa ya kazi anaweza asikuambie. Dishi haliwekwi unapopenda, linawekwa pale linapoiona satelaiti. Azam wanarusha kutoka satelaiti iliyo kwenye longitudo ya nyuzi 7 mashariki, juu ya ikweta, karibu kilomita 36,000 kutoka ardhini. Dar es Salaam iko nyuzi 39 mashariki. Ina maana ukiwa hapo Sinza satelaiti hiyo iko magharibi yako, imeelekea kaskazini kidogo tu, na imeinuka angani kiasi cha nyuzi 50 hivi. Watu husikia "mashariki" wakadhani dishi litazame baharini. Pita mtaani kwako jioni uangalie: madishi ya Azam yote yameelekea jua linakozama.

Na wewe umeniandikia kwa furaha kwamba jua la asubuhi linaingia na mlango wa balkoni mpaka kitandani. Basi balkoni yako inatazama mashariki, na jengo lote limekaa nyuma yake likiziba. Fundi anaweza kukuletea dishi kubwa kama meza ya kulia, hapo kwenye balkoni hutaona kitu. Usije ukasema utachukua DStv badala yake. Hao wako nyuzi 36 mashariki, kwa mtu wa Dar ni karibu utosini. Dishi lao linataka kuona juu moja kwa moja, na juu ya balkoni yako kuna zege la ghorofa ya nne. Huko hata jengo lingegeuzwa lisingesaidia.

Kwa hiyo kwako wewe dishi maana yake ni paani, na kwenda paani maana yake ni ruhusa. Hakuna njia ya katikati, na fundi atakayekuambia "tutabana hapa hapa kwenye nondo za balkoni, dada" mpe nauli yake arudi.

Lakini umetaja kitu kingine, umekitaja kwa kupita tu, na mimi naona ndicho chenye jibu. Umesema mpangaji wa chini tayari ana dishi la Azam juu ya paa. Mwanangu, dishi moja linaweza kulisha nyumba zaidi ya moja. Kile kichwa kinachokaa mbele ya dishi, LNB, kipo cha tundu moja, cha mawili na cha manne. Mkielewana na jirani, fundi atabadilisha cha tundu moja aweke cha mawili, kisha anavuta waya wako peke yake mpaka kwenye king'amuzi chako. Kila mtu anabaki na king'amuzi chake, kadi yake na malipo yake. Jirani akitazama taarifa ya habari, wewe unatazama tamthilia yako ya Kituruki iliyotiwa sauti ya Kiswahili, hakuna anayemgusa mwenzake. Kitu cha kukataa ni kugawana king'amuzi kimoja kwa waya mrefu. Huko rimoti iko kwake, na siku Simba wanacheza yeye ataweka taarabu.

Gharama yake ni LNB, waya na ufundi, na paa haliongezewi tundu hata moja. Hiyo ndiyo hoja utakayompelekea mwenye nyumba. Ukifika muda wa kuhama unakunja waya, unachukua king'amuzi na kuondoka, hudaiwi kupaka rangi wala kuziba ukuta.

Fundi akija, simama naye. Waya uwe mmoja toka juu mpaka ndani, bila kuungwa njiani, kwa sababu maji huingia kwenye maungio, picha ikaanza kukatakata ukadhani king'amuzi kimeharibika. Kabla waya haujaingia dirishani, aulegeze ushuke chini kidogo kisha upande, ili maji ya mvua yadondokee nje yasifuate waya mpaka kwenye TV. Na asichane wavu wa mbu. Mvua kubwa ikinyesha picha itapotea kwa muda, hiyo ni kawaida ya dishi, usimpigie mtu simu. Radi zikianza, chomoa waya wa dishi na wa umeme vyote viwili.

Kuhusu pesa nitasema kidogo, wewe unajua mshahara wako. Unarudi saa mbili usiku, mechi nyingi za saa kumi jioni zinakukuta dukani. Ligi Kuu iko Azam na haitahama karibuni, mkataba waliosaini na TFF, shirikisho la soka, mwaka 2021 ni wa miaka 10, kwa hiyo kama ni Simba unayemtaka, king'amuzi kingine hakitakupa. Ila jiulize mwezi mzima utawaona mara ngapi. Kifurushi kinakwisha hata kama TV hukuiwasha, umeme wa LUKU nao unakusubiri. Mechi moja kubwa kwa mwezi unaweza kuitazama kwa simu kwenye programu yao, ingawa bando litalia, au ukaenda kibanda umiza na wenzako. Mama yako hapendi hilo la kibanda umiza. Nimeliandika hivyo hivyo.

Kama mwenye nyumba atakataa, au jirani hataki, sahau dishi mpaka utakapohamia kwingine. Nunua king'amuzi cha antena. Dar mitambo ya kurushia iko karibu, antena ndogo unaiweka pale pale balkoni bila kutoboa chochote, na vingine vina vifurushi vya siku na vya wiki kwa mtu kama wewe asiyeshinda nyumbani. Unakumbuka usiku wa tarehe 31 Desemba 2012, mitambo ya zamani ilipozimwa huko Dar na TV ya shangazi yako ikabaki chenga tupu? Ile antena yake haikuwa mbovu hata kidogo, kilichokosekana kilikuwa king'amuzi. Ninayo stoo, bado nzima.

Mwandikie mwenye nyumba, usimpigie, ili jibu libaki kwenye simu yako. Mwandikie hivi: "Shikamoo mzee. Mimi ni mpangaji wako wa ghorofa ya tatu. Naomba ruhusa niunganishe waya wa king'amuzi kwenye dishi la mpangaji wa chini lililopo paani. Hatutatoboa paa wala ukuta, waya utapita dirishani, na siku nikihama nitauondoa. Fundi atakuja siku utakayopanga wewe." Lakini kabla ya kumtumia, ongea kwanza na jirani wa chini. Nenda na kitu mkononi, hata maandazi.

Kaka yako anakuja Dar Jumamosi, nitampa ile antena, pamoja na mchele na dagaa wa mama yako. Mzee akijibu, nitumie alichoandika kabla hujamlipa fundi.

Baba yako