Barua kwa mwanangu: Bissau nenda, ila huo mtumbwi

Zuhura mwanangu,

Assalaam aleikum. Ujumbe wako nimeusoma. Unauliza kama uende Guinea-Bissau peke yako, maana mama yako kasikia kuwa wanajeshi walitwaa nchi Novemba 2025 na keshasema huendi popote. Unataka mimi niliyewahi kufika kule niseme neno.

Nenda. Mama yako haogopi bure: waliipindua serikali 1980, wakarudia 1999, 2003 na 2012. Ukiacha vita vya 1998 na 1999 vilivyowakimbiza watu wa Bissau majumbani, mara nyingi wakubwa hugombana wao kwa wao na mama muuza samaki anaendelea kuuza samaki. Shida itakayokufika wewe ni mipaka na uwanja wa ndege kufungwa ghafla. Kwa hiyo beba pesa za kukaa zaidi ya ulivyopanga, na ziwe taslimu. Wanatumia faranga za CFA, na kadi yako ya benki usiitegemee, visiwani hasa.

Mimi ninachokiogopa ni maji. Najua huendi kuangalia Bissau mjini, unakwenda Bijagós. Visiwa 88, vikubwa kwa vidogo, vingi havina mtu, na vyote vinafikiwa kwa chombo. Mitumbwi ya mashine inaondoka kwa kufuata maji kujaa na kupwa, imesheheni mchele, mbuzi, magodoro na watu juu yake. Jirani hapo, Senegal, meli ya Joola ilitoka Ziguinchor kwenda Dakar, ikapinduka 26 Septemba 2002. Ilijengwa kwa abiria wasiofika 600. Waliokufa wakapita 1,800. Sisi wa MV Bukoba na Spice Islander hatuhitaji kusimuliwa mambo hayo. Kwa hiyo nunua jaketi lako la kujiokolea hapo Dar, ulivae, wakucheke. Chombo kikijaa, shuka, nauli isamehe. Na usivuke jioni, hata nahodha akikuapia.

Ukifika salama, hutajuta. Kisiwani Orango kuna viboko wanaoingia mpaka maji ya chumvi. Mimi mtu wa pwani sikuwahi kulisikia hilo. Ndiko alikotawala Okinka Pampa, malkia aliyefariki 1930, na mpaka leo wanawake wana sauti kubwa katika mambo ya mizimu na mila. Kasa wanapanda kutaga kisiwani Poilão kwa maelfu, lakini huo ni msimu wa mvua, Agosti na Septemba, bahari imechafuka. Ningekuwa wewe ningewaacha kasa, niende kiangazi, kati ya Desemba na Aprili. Visiwa hivyo UNESCO imeviingiza kwenye urithi wa dunia 2025, ila waliovitunza ni wenyeji na miiko yao. Ukiambiwa hapa hapaingiwi, usiingie, hata kama huoni uzio wala kibao. Msalimie mzee wa kijiji kwanza, kamera iache kwenye mkoba.

Ukikaa mpaka Aprili utakuta korosho, na hapo utajiona uko Newala. Ndiyo biashara iliyonipeleka. Nchi nzima inaishi kwa korosho. Wapo wakulima wanaobadilishana gunia la korosho na la mchele, mizani ya mnunuzi, bei ya mnunuzi. Akina mama wanakaa chini ya mikorosho wananyonyoa korosho, mabibo wanayakamua kwenye ndoo, mikono imeganda utomvu vilevile kama ya bibi yako. Juisi ikilala inakuwa kali kama uraka wetu. Kama niliionja au sikuionja, hilo usiniulize.

Kireno chao kidogo, Krioli ndiyo lugha ya sokoni, jifunze kusalimia. Kadi ya homa ya manjano wataitaka, na dawa za malaria anza kabla hujaondoka. Viza uliza mapema. Wengi hupitia Dakar, kisha Ziguinchor, wakaingia kwa gari.

Tiketi usikate kwanza. Mama yako nitaongea naye Ijumaa baada ya chakula, akiwa ametulia. Wewe nitumie picha ya hilo jaketi, nimwonyeshe.

Baba yako