Kabla ya kushika fomula, uliza mchapuko unategemea nini

Maswali ya safari hii karibu yote yanahusu chembe inayokwenda kwenye mstari ulionyooka, na kalkulasi inayotakiwa ili kuifuatilia. Nimeyafupisha na kuyapanga ili moja lilifungulie jingine njia. Alama ni zile za darasani: x ni mahali chembe ilipo kutoka O, nukta tunayopimia; v ni velositi, yaani kasi pamoja na mwelekeo wake; a ni mchapuko, yaani kiasi velositi inavyobadilika kila sekunde; t ni muda. Vipimo ni mita na sekunde, isipokuwa nikisema vingine.

Swali (Kidato cha Nne, Eldoret): Mwalimu, Omanyala alikimbia mita 100 kwa sekunde 9.77 pale Nairobi mwaka 2021. Nikigawanya napata 10.24. Sasa hiyo velositi ya papo hapo inatoka wapi, wakati kwenye kitambo kimoja cha muda mtu hajasogea hata sentimita?

Jibu: Hiyo 10.24 ni wastani wa mbio nzima. Bunduki ilipolia kasi yake ilikuwa sifuri, kwa hiyo lazima baadaye aliivuka 10.24 na kwenda juu yake, la sivyo wastani usingefika hapo. Tazama mbio za Usain Bolt, Berlin 2009, sekunde 9.58. Wastani wake ni 10.44, lakini kipande cha kati ya mita ya 60 na ya 80 alikimaliza kwa sekunde 1.61, yaani mita 12.42 kwa sekunde. Ukifupisha kipande, namba inabadilika. Je, ukiendelea kufupisha itabadilika milele? Hapo ndipo kalkulasi inapoingia. Chukua x = 5t² na uulize velositi t ikiwa 2. Kutoka 2 hadi 2.1 wastani ni 20.5. Kutoka 2 hadi 2.01 ni 20.05. Hadi 2.001 ni 20.005. Namba zinajongelea 20 na haziendi kwingine. Hiyo 20 ndiyo derivativi ya x, inayoandikwa dx/dt; derivativi ya v, dv/dt, ndiyo mchapuko. Hakuna aliyegawanya sifuri kwa sifuri. Tumetazama tu wastani unaelekea wapi.

Swali (Kidato cha Nne, Mombasa): Tumepewa x = t³ − 6t² + 9t, tutafute umbali uliosafiriwa katika sekunde 4 za mwanzo. Nimeweka t = 4 nikapata 4. Majibu yanasema 12. Wamekosea?

Jibu: Hawajakosea. Wewe umesema chembe iko wapi. Wao wameuliza imetembea kiasi gani. Anza na velositi: v = 3t² − 12t + 9 = 3(t − 1)(t − 3). Ni sifuri t ikiwa 1 na ikiwa 3, na katikati ya hapo ni hasi, kwa hiyo chembe iligeuka mara mbili. Sasa tafuta mahali penyewe. Sekunde 0 iko kwenye 0, sekunde ya 1 iko kwenye 4, sekunde ya 3 imerudi 0, sekunde ya 4 iko kwenye 4 tena. Kwenda 4, kurudi 4, kwenda 4: jumla 12.

Wanaotafuta integrali ya v (kinyume cha derivativi, yaani eneo kati ya grafu na mhimili) kutoka 0 hadi 4 kwa mkupuo mmoja huangukia 4 ile ile, maana eneo lililo chini ya mhimili hujitoa lenyewe. Ikate integrali kwenye 1 na 3, geuza alama ya kipande cha katikati, kisha jumlisha. Mtahini akiandika umbali, tafuta kwanza v inakuwa sifuri lini, hata kama hajakuagiza.

Swali (hakutaja shule): Katika swali kama hilo, sekunde ya 1 chembe imesimama. Mbona mchapuko si sifuri?

Jibu: a = 6t − 12, kwa hiyo sekunde ya 1 mchapuko ni −6. Thamani ya v ni kimo cha grafu. Ile a ni mwinamo wake. Grafu inaweza kukata mhimili ikiwa na mwinamo mkali. Jiwe lililorushwa juu likifika kileleni bado lina mchapuko wa 9.8 kuelekea chini. Na kwa aliyeuliza kama mchapuko hasi maana yake ni kupunguza kasi: hapana. Linganisha alama za v na a. Kati ya sekunde ya 1 na ya 2 zote mbili ni hasi, na chembe inazidisha kasi huku ikirudi nyuma.

Swali (Kidato cha Tano, Iringa): Mwalimu wetu anakata alama tukisahau + C. Si ukali tu huo?

Jibu: Ana haki. C ni namba isiyobadilika ambayo integrali peke yake haiwezi kukuambia. v = 6t − 4 inaweza kuwa ya chembe iliyoanzia O au iliyoanzia mita 5 kutoka O. Zinakwenda sawasawa lakini hazikutani. Maneno kama "kutoka tuli" au "ikipita O" yamewekwa kwenye swali kwa ajili ya C. Wala usikariri kwamba chembe ikianzia O basi C ni sifuri. Jaribu v = e^(−t), ambapo e ni namba 2.718 hivi: x = −e^(−t) + C, na ili x iwe 0 mwanzoni C lazima iwe 1.

Swali (Kidato cha Sita, Tabora): Kwa v = u + at na wenzake nimefaulu mpaka leo. Kwa nini nihangaike na integrali?

Jibu: Kwa sababu fomula hizo zina sharti ambalo watu hulisoma siku ya kwanza na kulisahau siku ya pili: a isibadilike. Weka a isiyobadilika kwenye dv/dt = a, tafuta integrali, unapata v = u + at, u ikiwa velositi ya mwanzo. Rudia mara moja zaidi, unapata s = ut + ½at², s ikiwa umbali kutoka pa kuanzia. Ndani ya sharti hilo zitumie bila hofu. Nje yake zitakupa jibu la uongo lenye desimali mbili safi.

Tuseme jiwe linarushwa wima kwa mita 8,000 kwa sekunde, na hewa tuiweke kando. v² = u² − 2gh, ambapo g ni 9.8 na h ni kimo, inasema litapanda kilomita 3,265. Lakini huko juu mvutano wa Dunia si 9.8 tena, unapungua kwa kipeo cha pili cha umbali kutoka kitovu cha Dunia. Umbali huo uwe x, na nusu kipenyo cha Dunia kiwe R, kilomita 6,400. Basi

a = −gR²/x²

Tazama upande wa kulia: hauna t hata moja. Ukiandika dv/dt umekwama. Tumia kanuni ya mnyororo: dv/dt = (dv/dx)(dx/dt) = v dv/dx. Sasa v dv = −gR² dx/x², na integrali yake ni

½v² = gR²/x + C

Mwanzoni x = R na v = u, kwa hiyo C = ½u² − gR. Weka v = 0 na u = 8,000 utapata x ya kilomita 13,067 hivi. Ondoa R: jiwe limepanda kilomita 6,667, zaidi ya mara mbili ya jibu la kwanza.

Kosa la tarakimu ni dogo ukilinganisha na linalofuata. Kwa fomula ya zamani kila jiwe litarudi, ulirushe kwa nguvu yoyote, kwa kuwa u²/2g daima ni namba yenye mwisho. Mlinganyo mpya unasema vingine: C ikiwa sifuri au zaidi, upande wa kulia haufiki sifuri kamwe, na jiwe halisimami. Mpaka ni u = √(2gR), kilomita 11.2 kwa sekunde, kasi ya kuponyoka Duniani. Fomula ya mchapuko usiobadilika haina hata nafasi ya kuiandika namba hiyo. Na ukizidisha ile ½v² kwa tungamo la jiwe unapata nishati mwendo, ambayo wengi mmeikariri kama vile ilishuka kutoka mbinguni. Imetoka kwenye integrali ya v dv.

Kwa hiyo kabla ya kugusa kalamu, uliza a inategemea nini. Ikitegemea t, nenda na dv/dt. Ikitegemea x, nenda na v dv/dx. Ikitegemea v, njia zote mbili ziko wazi. Chagua kulingana na unachotafuta, muda au umbali.

Swali (Kidato cha Tano, Zanzibar): Kitabu kimoja kinaweka nukta juu ya x, kingine kinaandika dx/dt. Nifuate kipi?

Jibu: Maana ni moja. Nukta ni ya Newton. Ile d ya dx/dt ni ya Leibniz, aliyechapisha kazi yake mwaka 1684, miaka 3 kabla ya kitabu kikuu cha Newton, na wafuasi wao wakagombana miaka mingi kuhusu nani alitangulia. Mimi napendelea ya Leibniz. Ile hatua ya v dv/dx hapo juu, kwa alama zake unaiona kwa macho. Kwa nukta ungelazimika kuikumbuka.

Swali (mzazi, Bukoba): Mwanangu anasema bila hewa matone ya mvua yangetupiga kama risasi. Ni fizikia hiyo au wanatishana bwenini?

Jibu: Ametia chumvi, ila fizikia imo. Wingu likiwa kilomita 1 juu, bila hewa tone lingefika chini kwa √(2 × 9.8 × 1,000), yaani mita 140 kwa sekunde, zaidi ya kilomita 500 kwa saa. Tone kubwa la kweli hufika kwa mita 9 hivi kwa sekunde.

Ukinzani wa hewa kwa tone kubwa hukua kwa kipeo cha pili cha kasi, kwa hiyo a = g − kv², k ikiwa namba ya ukinzani wa tone hilo. Hapa a inategemea v, na tunachojua ni umbali x ambao tone limeanguka, basi v dv/dx = g − kv². Tenganisha, tafuta integrali, anza kutoka tuli:

v² = (g/k)(1 − e^(−2kx))

x ikikua, e inafifia, na v inatulia kwenye √(g/k). Kama hiyo ni 9, k ni 0.121. Sasa weka x = 10: v ni 8.6. Tone likianguka mita 10 tu limekaribia kikomo chake, na mita 990 zilizobaki linateremka kwa kasi ile ile, au karibu na hapo. Kwa hiyo wingu liwe juu au chini, kwa kichwa chako ni mamoja.

Kijana wako mtihanini atakutana zaidi na a = g − kv, kwa kuwa integrali yake ni nyepesi: v = (g/k)(1 − e^(−kt)). Hiyo inafaa kwa gololi ndogo inayozama ndani ya gliserini. Kwa tone kubwa la mvua ni makadirio mabaya, na natamani watunga maswali wangeacha kuita kila kitu kinachoanguka hivyo "tone la mvua".

Swali (Dar es Salaam): Derivativi ya mchapuko ina maana yoyote, au ni hesabu ya kujifurahisha?

Jibu: Ina maana, na abiria wa daladala wanaijua vizuri. Dereva anapofunga breki kwa a = −3 isiyobadilika, unajikaza usiende mbele. Gari linaposimama, v imeshuka taratibu hadi sifuri, lakini a inaruka kutoka −3 hadi 0 ghafla. Misuli yako bado inasukuma, na unatupwa nyuma. Mruko huo ni da/dt, na wabunifu wa lifti na treni huuwekea kikomo.

Dereva mzoefu huachia breki kidogo kidogo kabla ya kusimama. Mfano: gari lina mita 4.5 kwa sekunde, na a = −3 + t. Integrali inatoa v = 4.5 − 3t + ½t², ambayo ni sifuri sekunde ya 3, na wakati huo huo a nayo ni sifuri. Hakuna anayetupwa. Limetumia mita 4.5. Kwa −3 mfululizo lingesimama kwa sekunde 1.5 ndani ya mita 3.4. Starehe hiyo basi ina bei ya zaidi ya mita 1, nayo hailipiki mtu akikatiza barabara ghafla.