Fundi Ajibu: Mlango wa Bati na Jua la Jioni

Swali: Habari za kazi, mafundi. Naishi Dallas, Texas. Gereji yetu imeungana na nyumba, na mlango wake ni wa bati tupu, wa magari mawili, unatazama magharibi. Kuanzia Juni hadi Septemba, ikifika jioni mlango haushikiki. Ndani tumeweka mashine ya kukaushia nguo na friza, na chumba cha watoto kiko juu ya gereji. Dukani nimeona karatasi za foili zenye vipovu, mbao za foamu, na magodoro ya nyuzi za kioo. Ninunue kipi, na kazi hii naiweza mwenyewe?
*Msomaji, Dallas*

Jibu: Salama, dada. Kazi unaiweza, na ukianza asubuhi unamaliza siku hiyohiyo. Ila usinunue chochote kabla hujaupima mlango kwa mikono yako, kwa sababu kinachowakwamisha wengi ni uzito wa vitu wanavyoubandika.

Mlango wako hauinuliwi na mota. Unainuliwa na springi iliyolala juu yake, na springi hiyo ilikazwa kulingana na uzito wa bati tupu. Mota inasukuma tu. Basi funga mlango hadi chini, vuta kamba nyekundu inayoning'inia kwenye reli ya mota ili kuutenganisha, kisha uinue kwa mikono hadi usawa wa kiuno na uuachie taratibu, viganja vikiwa karibu. Mlango uliosawazishwa vizuri utabaki palepale, au utasogea kidogo tu. Ukishuka kwa kishindo, springi imechoka tayari, na ukiuongezea mzigo utaimaliza au utaiunguza mota. Usivute kamba ile mlango ukiwa juu: springi ikiwa mbovu, mlango wote unakuja chini.

Springi yenyewe usiiguse. Usilegeze skrubu zake wala vile vibao vya chini vinavyoshika waya. Ina nguvu ya kuvunja mkono au kuua, na ndiyo sehemu pekee ya kazi hii tunayokuambia uite fundi wa milango.

Sasa tuje kwenye nyenzo. Mlango wa kawaida wa magari mawili huko ni futi 16 kwa 7, yaani kama mita za mraba 10. Foamu nyeupe ya punje, ile inayofungashiwa televisheni, ikiwa na unene wa inchi moja na nusu, itaongeza kilo 6 hadi 7 tu. Foamu ngumu ya rangi ya waridi au buluu inazuia joto zaidi kwa unene uleule, ila inafika kilo 10 hivi. Magodoro ya nyuzi za kioo yanafanya kazi vizuri, lakini yanawasha ngozi, na yakilowa yanalala na kupoteza nguvu. Kwa mlango kama wako tungechukua foamu nyeupe iliyokwishavalishwa foili au plastiki upande mmoja, na yenye maelezo kwamba inafaa kuachwa wazi kwenye mlango wa gereji. Foamu uchi usiiache wazi, inashika moto haraka na moshi wake ni mbaya. Kama mna hita ya maji ya gesi humo ndani, jambo hili si la kujadili.

Ile foili ya vipovu wauzaji wanaipenda kwa sababu ni rahisi kuuza. Foili inazuia joto linalorushwa kama mwanga, na ili ifanye hivyo ni lazima uso wake utazame hewa tupu, walau sentimita 2. Ukiigandisha moja kwa moja kwenye bati, upande ulioshikana na bati umekuwa chuma juu ya chuma, joto linapita kama kawaida. Kinachobaki kufanya kazi ni uso wa ndani tu, nao ukishika vumbi unadhoofika. Si bure kabisa, lakini peke yake kwa jua la Texas haitoshi.

Mbao za foamu zinauzwa futi 4 kwa 8. Mlango wa futi 7 kwa kawaida una pande nne za mlalo, yaani vipande virefu vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, kila moja kama inchi 21 kwenda juu, na kila upande umegawanywa kwa nguzo fupi za bati kuwa vyumba. Ubao mmoja ukiupasua kwa urefu unatoa vipande viwili vya futi 8, kwa hiyo mbao nne zinatosha kwa hesabu. Nunua tano. Vyumba vya pembeni huwa havilingani na vya katikati, na kipande kimoja kitavunjika tu.

Anza asubuhi, bati likiwa baridi. Futa kila chumba kwa sabuni, kausha, kisha pitisha kitambaa chenye spiriti, maana viwandani bati huachiwa mafuta mepesi na gundi haishiki juu yake. Pima kila chumba peke yake, usipime kimoja ukakatia vyote. Nguzo na kingo za bati zina midomo iliyokunjwa kwa ndani, nayo ndiyo itakayoshika foamu. Kata kipande kizidi uwazi kwa kama sentimita moja juu na chini, kikunje kidogo kwa viganja, ingiza ukingo wa juu nyuma ya mdomo wake, kisha sukuma wa chini ujibane. Kikigoma, punguza kwa wembe kidogo kidogo. Ukikilazimisha kinapasuka katikati.

Mahali pasipo na midomo ndipo utahitaji gundi, na hapa watu wengi wanapoteza pesa. Gundi za kawaida za kunusika, zile za viatu na mbao, zinayeyusha foamu nyeupe. Utabandika vizuri, utakuja kesho ukute mashimo kwa nyuma na ubao umeanguka. Soma mkebe: uandikwe kwamba inafaa kwa foamu ya polistirini, ndiyo hiyo foamu nyeupe. Foamu ya kupuliza ya mkebe nayo iache. Inavimba, inasukuma bati la nje mpaka linafanya matumbo, na ikigusa bawaba au roli mlango hauendi.

Hakikisha hakuna kipande kinachotokeza kuvuka mstari ambapo upande mmoja unakutana na mwingine. Mlango unapopanda unajikunja hapo, na kipande kilichovuka kitasagwa au kitazuia roli. Bawaba, mkono wa mota na mashimo madogo ya kutolea maji kwenye upande wa chini kabisa viache wazi. Maji ya mvua yakikosa pa kutokea, bati linaoza kwa ndani, hulioni mpaka limetoboka.

Ukimaliza, rudia kile kipimo cha kiuno. Kama sasa mlango unashuka wenyewe, mwite fundi akaze springi au aibadilishe. Wengine wakiona mota inagoma na kurudisha mlango, wanaiongezea nguvu kwenye kitufe. Hapo unaondoa ulinzi wa mtoto atakayekuwa chini yake. Laza kipande cha mbao chenye unene wa inchi moja na nusu sakafuni chini ya mlango, ufunge kwa mota. Ukikigusa ni lazima urudi juu. Jaribu pia macho mawili ya mota, yale ya kuhisi kitu kinachopita, yaliyo pembeni karibu na sakafu kwa kupitisha ufagio mlango ukishuka. Mota zote zinazotengenezwa kwa soko la Marekani tangu 1993 zinatakiwa kuwa na ulinzi wa namna hiyo. Kama yako haina, ibadilishe.

Halafu nyufa. Jifungie ndani mchana, zima taa, tazama kingo. Palipo na mwanga ndipo hewa moto inapoingia. Mpira wa chini ukikakamaa unabadilishwa kwa kuuchomoa kwenye mfereji wake na kutelezesha mpya. Mipira ya pembeni na ya juu inapigiliwa kwenye fremu, ikigusa mlango bila kuukandamiza. Kama una hita ya gesi, usizibe tundu lake la hewa.

Kuhusu chumba cha watoto, hatutaki uje utulaumu. Mlango utapoza gereji, lakini joto la chumba hicho linapita pia kwenye dari ya gereji. Mtafute mtu akague kama katikati ya dari na sakafu yao pana kihami chochote, yaani kitu cha kuzuia joto. Hakikisha bomba la mashine ya kukaushia linatoa hewa nje, si humo humo. Na gari lililotoka barabarani lina injini ya moto: liache nje, limezimwa, lipoe kabla ya kuliingiza.

Swali: Assalamu alaykum. Niko Muscat. Nimeweka mlango wa gereji wa kisasa, bati mbili na foamu katikati, rangi ya kahawia iliyokoza, upana karibu mita 5. Kila siku alasiri unatuna kuelekea nje na kukwama kwenye reli, usiku unanyooka. Aliyeniuzia anasema niongeze kihami kwa ndani. Ni kweli?
*Msomaji, Muscat*

Jibu: Waalaykum salaam. Hapana, ukiongeza utauzidisha ugonjwa. Bati la nje linapigwa na jua juu ya rangi iliyokoza, la ndani linabaki kwenye hewa ya gereji, na foamu katikati inazuia yasisawazishane joto. Chuma kinatanuka. Tofauti ya nyuzi joto 35 tu, kwa mita 5, inalifanya bati la nje liwe refu kuliko la ndani kwa milimita 2 hivi. Zinaonekana chache, lakini kwa mlango wenye unene wa sentimita 5 zinatosha kuutunisha katikati kwa sentimita 2 na zaidi ukiwa huru. Ndiyo maana usiku unapona.

Dawa iko nje. Rangi nyeupe au ya krimu, ya akriliki ya nje, juu ya bati lililosafishwa na kukwaruzwa kwa msasa mwepesi. Uliza kwanza kama dhamana ya mlango inaruhusu kupaka. Kivuli ni bora zaidi: turubai au paa dogo linalotokeza mbele, ilimradi jua la alasiri lisigonge bati moja kwa moja. Fundi anaweza pia kufunga mbavu za chuma za mlalo upande wa ndani wa kila kipande, lakini hizo zina uzito, na springi itabidi irekebishwe. Mpaka hapo usiulazimishe kwa mota mchana. Roli zitatoka kwenye reli.

Na ile namba kubwa ya kuzuia joto iliyoandikwa kwenye kipeperushi, isikuvimbishe kichwa. Mara nyingi inapimwa katikati ya kipande kimoja, bila viungo, kingo wala mipira. Mlango mzima hauwezi kufika hapo.

Swali: Mafundi, shikamooni. Mimi ni fundi cherehani, ofisi yangu ni kontena la futi 20 hapa Temeke. Milango yake miwili ya chuma inatazama machweo. Kaskazi ikishika, saa tisa natoka nje. Naweza kuihami kama mnavyofanya magereji?
*Msomaji, Dar es Salaam*

Jibu: Marahaba. Kwako ni rahisi zaidi, kwa sababu milango inafunguka kwa bawaba na haina springi. Unaweza kutumia foamu nene ya milimita 50. Choma fremu nyepesi ya mabomba mraba upande wa ndani, panga foamu ndani yake, funika kwa plaiwudi ya milimita 6, kaza kwa skrubu. Uchomeleaji uishe wote kabla foamu haijaingia kontenani, cheche moja inatosha. Kabla ya yote kwangua kutu na upake rangi ya kuzuia kutu, maana hewa ya pwani ina unyevu, na chumvi pia ukiwa karibu na bahari, na kutu iliyofichwa nyuma ya plaiwudi haikuombi ruhusa. Pima pia kama makomeo bado yanafunga.

Lakini kama mfuko hauruhusu vyote, usianze na milango. Mchana kutwa jua linapiga paa la kontena. Paka paa rangi nyeupe, au simamisha juu yake bati la pili kwenye mbao, uache nafasi ya sentimita 20 hivi upepo upite katikati. Kisha toboa matundu mawili yenye wavu, moja chini upande wa upepo na lingine juu upande wa pili. Milango ije baada ya hapo, na wakati wa kazi ifungue: turubai la kivuli mbele yake litakufaa kuliko foamu.

Swali: Mlango wangu wa duka ni wa bati la kujiviringa juu. Nibandike nini?
*Msomaji, Mombasa*

Jibu: Usibandike chochote. Chochote utakachobandika kitaingia kwenye mviringo na kuukwamisha, au kitabanduka siku ya kwanza. Paka nje rangi nyeupe, koti jembamba lisigandishe mikunjo, na uutembeze mlango juu chini mara rangi inapokauka. Kwa ndani, sentimita 10 nyuma ya mlango, ning'iniza pazia zito kwenye bomba, la kuvuta pembeni ukifungua duka.