Hiyo "-thon" ya hakathoni ilitoka wapi?

SWALI: Habari za kazi. Hapa Kisumu siku hizi kila bango ni hakathoni, ile mikutano ya watu kukaa pamoja wakiandika programu za kompyuta, kanisa letu nalo lilifanya wokathoni, matembezi ya kuchangisha pesa za mabati, sasa sisi walimu tunataka kukesha na watoto tukisoma vitabu na tuite Somathoni. Mwenzetu mmoja anasema thon ni Kigiriki cha kukimbia, haifai kwa watu waliokaa. Ni kweli? – Mwalimu, Manyatta

JIBU: Hapana mwalimu, thon haimaanishi kukimbia, na kwa Kigiriki ikiwa peke yake haina maana yoyote. Neno ni zima, Marathon, jina la mahali huko Ugiriki, na linatokana na shamari, ile ya kutia kwa chai. Waathene waliwapiga Waajemi hapo mwaka wa 490 KK, halafu karne nyingi baadaye ndio ikaandikwa ile hadithi ya mjumbe aliyekimbia mpaka Athens kupeleka habari za ushindi akaanguka akafa. Na kitu ninachokipenda sana hapa, aliyeomba mbio hizo ziingizwe kwa Olimpiki ya 1896 akatoa na kikombe cha fedha alikuwa mtu wa lugha, Mfaransa Michel Bréal, bingwa wa kuchunguza maana za maneno!

Sasa Wamarekani waliona marathoni ni kitu kirefu cha kuchosha, wakakata mkia wa neno wakaubandika kwingine. Miaka ya 1930, hali ya maisha ikiwa ngumu, watu walishindana kucheza densi siku nyingi mfululizo kwa mapumziko mafupi tu, wakaita walkathon, na 1949 mchekeshaji Milton Berle akakaa kwa TV saa 16 akichangisha pesa za kupambana na kansa, hiyo ikawa telethon. Hackathon ni ya juzi tu, 1999, waandishi wa OpenBSD, programu ya kuendesha kompyuta, walipokutana Calgary, Canada.

Na msiogope kwamba neno limekatwa vibaya. Sisi wenyewe tulichukua kitab ya Waarabu, ambayo ki yake ni sehemu ya neno, tukaisikia kama ki ya kiti, tukasema vitabu, na nani amewahi kulalamika?

Somathoni iko sawa kabisa, tena ni jina tamu, ila msome kweli mpaka usiku uende. Ikiwa ni ya saa moja tu iiteni saa ya kusoma, na wale wadogo wapewe uji mapema wakalale.