Kabla ya kwenda kumsikiliza mwandishi wa uchunguzi, soma kurasa za nyuma

Mara ya kwanza kuhudhuria mhadhara wa mwandishi mashuhuri wa vitabu vya uchunguzi, nilipopewa kipaza sauti nilieleza msimamo wangu kuhusu ufisadi, kisha nikamuuliza yeye anaonaje. Alinijibu kwa adabu, kwa sentensi mbili. Najuta mpaka leo. Mtu alikuwa ametumia miaka akipekua mafaili, nami nikamwomba maoni, kitu ambacho kila mtu anacho.

Siku hizi, kabla ya mhadhara, nafungua kitabu chake kwa nyuma, kwenye tanbihi. Humo utaona kila jambo lilitoka wapi: hati ya mahakama, barua, shajara, mahojiano. Tafuta sehemu moja tu inayokutatiza, uende nayo ukumbini.

Safari moja nilikwenda na ukurasa wenye mazungumzo ya watu wawili ndani ya chumba kilichofungwa, wote wameshafariki. Nikamuuliza mwandishi: ulijuaje walichosema? Uso wake ulibadilika. Alitueleza kwa kirefu jinsi mmoja wao alivyotoa ushahidi kwa kiapo, jinsi alivyoulinganisha na barua za mwenzake, na sentensi aliyoifuta, ingawa aliipenda sana, kwa sababu ilikuwa na shahidi mmoja tu. Hiyo sentensi iliyofutwa ndiyo iliyonifundisha kazi hii.

Wengi hudhani uchunguzi ni kunong'onezwa siri gizani. Lakini mwandishi wa Marekani Ida Tarbell aliandika historia ya Standard Oil, kampuni kubwa ya mafuta ya huko, iliyoanza kutoka kwenye jarida la McClure's mwaka 1902 na kuwa kitabu mwaka 1904. Sehemu kubwa ya ushahidi wake ilikuwa kumbukumbu za kesi na za kamati za bunge, tena akaketi mara nyingi na Henry Rogers, kigogo wa kampuni hiyohiyo. Mwaka 1911 Mahakama ya Juu ya Marekani iliagiza kampuni ivunjwe. Kwa hiyo usione haya kumuuliza mhadhiri ni nyaraka zipi zilikuwa wazi kwa umma na hakuna aliyezisoma.

Swali jingine ninalolithamini ni la watu walioumizwa. Mwandishi Rebecca Skloot alihitaji takribani miaka kumi kuandika habari za Henrietta Lacks, mgonjwa wa saratani huko Marekani ambaye seli zake zilichukuliwa kwa utafiti mwaka 1951 bila ridhaa yake. Familia ilikuwa imechoshwa na wageni waliokuja kuchukua na kuondoka. Muulize mwandishi aliwaendeaje watu wa namna hiyo, na waliposema hapana alifanya nini.

Swali lako liandike kabla, lisizidi sentensi mbili. Ukikosa nafasi, subiri kwenye foleni ya kusainiwa vitabu, ukiwa umefungua ukurasa wenyewe. Mwandishi akiona kidole chako kiko juu ya tanbihi, mara nyingi atasahau kalamu mkononi na kuanza kusimulia.