Wasomaji Wauliza: Jenerali Slim na Keya wa Burma

SWALI: Marehemu babu yetu alikuwa Keya, yaani askari wa King's African Rifles, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, akapelekwa Burma (Myanmar ya leo) mwaka 1944 kupigana na Wajapani. Wazee husema mkubwa wao alikuwa Jenerali Slim. Ni kweli? Na huyo Slim alitokea wapi? (Msomaji, Tabora)

JIBU: Ni kweli, ila kati ya babu yenu na Slim palikuwa na ngazi nyingi. Keya wa Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland (Malawi ya leo) walikuwa katika Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki chini ya Meja Jenerali Charles Fowkes, na divisheni hiyo ilikuwa ndani ya Jeshi la 14, ambalo William Slim alilishika tangu Oktoba 1943. Tazameni karatasi zake za kuachishwa jeshi. Mkikuta brigedi ya 21, 25 au 26, alikuwa Divisheni ya 11. Mkikuta ya 28, hiyo ilijitegemea, na mwanzoni mwa 1945 ilipigana kwenye mto Irrawaddy.

Slim alizaliwa Bristol mwaka 1891, akakulia Birmingham katika nyumba isiyo na mali. Alifundisha shule ya msingi, kisha akawa karani wa kampuni ya mabomba ya chuma. Vita vya 1914 ndivyo vilivyompa uofisa. Alijeruhiwa Gallipoli mwaka 1915, akajeruhiwa tena Mesopotamia mwaka 1917. Baadaye alihamia Jeshi la India, kwa Wagurkha, askari wa kutoka Nepal, kwa kuwa ofisa asiye na fedha za kwao aliweza kuishi huko kwa mshahara wake.

SWALI: Nimesoma kwamba mwaka 1940 alishindwa na Waitaliano mpakani mwa Sudan. Ilikuwaje? (Msomaji, Mombasa)

JIBU: Hapo ni Gallabat, Novemba 1940, akiwa brigedia. Ngome ya Gallabat aliiteka asubuhi ya kwanza, lakini Metemma, ng'ambo ya pili ya mpaka, hakuifikia. Vifaru vyake vingi vilikatika minyororo kwa mabomu ya ardhini na mawe makubwa, na lori la vipuri likateketezwa na ndege. Pale ni mwamba mtupu, mahandaki hayachimbiki, hivyo ndege za Waitaliano ziliwapiga askari wakiwa wazi. Slim akarudi nyuma. Baadaye alijilaumu kwa kuchagua njia ya tahadhari.

SWALI: Babu alisimulia vidonge vya njano walivyolazimishwa kumeza mbele ya ofisa. Vilikuwa vya nini? (Msomaji, Kisumu)

JIBU: Hiyo ni mepakrini, kinga ya malaria, na ndipo kazi kubwa ya Slim ilipo kuliko hata mapigano yenyewe. Mwaka 1943, kwa kila askari mmoja aliyeondolewa mstari wa mbele kwa jeraha, 120 waliondolewa kwa ugonjwa. Jeshi la namna hiyo lingekwisha bila Mjapani kufyatua risasi. Askari waliikwepa dawa kwa sababu iligeuza ngozi kuwa ya manjano, tena ulienea uvumi kwamba inaua nguvu za kiume. Slim akaamuru vikosi vikaguliwe kwa kushtukizwa, kila mtu apimwe. Waliomeza wakiwa chini ya asilimia 95 ya kikosi, kamanda wake anafukuzwa. Alifukuza watatu, wengine wakaelewa.

Jambo la pili ni matibabu. Zamani mgonjwa wa malaria alisafirishwa hadi India, akakaa huko miezi. Slim aliweka vituo vya tiba kilomita chache tu nyuma ya mapigano, mgonjwa akaanza dawa ndani ya siku moja na kurejea kikosini baada ya wiki chache.

Bila hayo, bonde la Kabaw, lenye malaria huko Burma, lisingepitika. Keya walilishuka kutoka Tamu katikati ya masika ya 1944, barabara ikiwa tope tupu na chakula kikidondoshwa na ndege. Miavuli ya hariri ya kushushia mizigo hiyo ilipokosekana, viwanda vya Calcutta viliishona kwa juti, nyuzi zilezile za magunia. Mmoja uligharimu takriban pauni moja badala ya 20. Desemba Keya wakashika ng'ambo ya mto Chindwin huko Kalewa, na wahandisi wakatandika daraja la kuelea la mita 352. Kwa daraja hilo Slim alipitisha magari kuelekea Irrawaddy. Mji wa Meiktila ukaanguka mapema Machi 1945, na Mandalay tarehe 20 mwezi huohuo. Sifa ya ushindi ule haigawiwi sawasawa mpaka Keya wa Kabaw watajwe kwa jina.

SWALI: Baada ya vita aliishia wapi? (Msomaji, Muscat)

JIBU: Mwaka 1948 aliteuliwa mkuu wa majeshi ya nchi kavu ya Uingereza, wa kwanza kutoka Jeshi la India, na mwaka uliofuata akapewa cheo cha Fildi Mashali. Kuanzia 1953 hadi 1960 alikuwa Gavana Mkuu wa Australia. Alifariki London tarehe 14 Desemba 1970.