Barua kwa mwanangu aliyechoka kungoja cheo

Mwanangu mpenzi,

Jumapili uliniuliza kwenye simu: mtu akae na cheo kimoja miaka mingapi ndipo akubali kwamba jeshi limemsahau? Sikukujibu, maana sauti yako ilikuwa imechoka na sikutaka kukutuliza kwa maneno mepesi. Nimelala nalo siku tatu. Unajua mama yako nimefundisha historia maisha yangu yote, na aliyenijia kichwani ni Mmarekani mmoja, George Marshall.

Alianza Luteni Usu mwaka 1902. Ukapteni aliupata 1916. Miaka 14, baba! Vita vya Kwanza vya Dunia vikampandisha hadi ukanali wa muda, na mwaka 1918 huko Ufaransa akapanga safari za usiku za mamia ya maelfu ya askari, kutoka Saint-Mihiel hadi Meuse-Argonne, Wajerumani wasigutuke. Vita kwisha, mwaka 1920 akarudishwa kwenye ukapteni, na kesho yake akapewa umeja. Mwaka 1933, akiwa na miaka 52, akaondolewa kwa askari wake akapelekwa Chicago kuwafundisha askari wa akiba wa jimbo la Illinois. Aliandika kuomba abaki, wakamkatalia. Akaenda, akafundisha miaka mitatu.

Nyota ya ujenerali aliivaa 1936, ana miaka 55. Tarehe 1 Septemba 1939, siku ileile Ujerumani ilipoivamia Poland, akaapishwa kuwa Mkuu wa Jeshi la Nchi Kavu. Alilikuta lina askari wasiofika 200,000. Vita vya Pili vya Dunia vinakwisha 1945, walikuwa wamepita milioni 8.

Lakini usidhani alingoja kimya. Cheo alikitaka, na mkubwa wake wa zamani, Jenerali Pershing, alimsemea kwa Rais Roosevelt. Mimi sioni aibu katika hilo. Haki yako huiombi kwa kunong'ona.

Ninalotaka ulifikirie zaidi ni la Desemba 1943. Majeshi ya Washirika yalikuwa yanajiandaa kuvuka bahari kuingia Ufaransa, na kila mtu alijua Marshall angependa kuyaongoza. Roosevelt akamuuliza mjini Cairo: wewe unataka nini? Angesema neno moja tu, angepewa. Akakataa kulisema, akamwambia Rais aamue kwa faida ya nchi, bila kumtazama yeye. Rais akataka abaki Washington, kazi ile ikaenda kwa Eisenhower, aliyekuwa chini yake. Ujumbe wa kumwarifu Stalin, kiongozi wa Urusi ya Kisovieti iliyokuwa upande wao, uliandikwa kwa mkono wa Marshall mwenyewe, Roosevelt akatia sahihi. Kisha karatasi ileile Marshall akamtumia Eisenhower, aiweke kama kumbukumbu.

Huwa nasimama hapo kila nikilisoma. Mkono uliokosa ndio ulioandika.

Kwa hiyo, baba, miaka siwezi kukuhesabia. Nakuuliza tu: kazi nzito bado wanakuletea wewe? Uliniambia mafunzo ya vijana wapya wamekukabidhi tena mwaka huu. Basi kwangu hujasahaulika. Ile barua ya kumweleza mkuu wako habari ya cheo chako iandike wiki hii, kwa adabu na bila kuzunguka. Ile ya kuacha kazi usiiguse mpaka uje likizo, tukae barazani uniambie yote.

Baba yako anakusalimu. Mguu umepata nafuu.

Mama yako